Kemia Nayo Ina Sarufi Yake

Kila mwaka wanafunzi waliopita mtihani wa KCSE kwa alama za juu hugombania nafasi chache za udaktari na ufamasia katika vyuo vikuu vyetu. Baadhi ya wanaozikosa, aghalabu kwa tofauti ndogo mno ya alama, hupangiwa shahada ya sayansi na kujikuta katika kemia. Huingia darasani na kinyongo badala ya kiu ya elimu. Hilo ni tatizo, tena si dogo. Lakini lipo la pili ambalo, kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, ndilo linikeralo zaidi: wengi wao huikariri kemia kama kasuku.

Chukua jina butan-2-ol. Mwanafunzi hulimeza zima zima, akalitapika kwenye mtihani, kisha likamtoka. Lau angalifundishwa kulichambua kama tunavyochambua "hawatatupiga", angaliona kwamba "but" ni atomu 4 za kaboni. "An" yaarifu kuwa kaboni hizo zimeungana kwa vifungo vya mojamoja. "Ol" ni kiambishi cha ukoo wa alkoholi, na ile 2 yaonyesha kaboni iliyoshikwa na kundi la oksijeni na haidrojeni. Mofimu tupu! Aijuaye kanuni hiyo ataweza kuzitaja kampaundi nyingi asizopata kuziona maishani.

Hata makosa ya majina yana faida. Lavoisier na wenzake walipotunga istilahi mpya za kemia huko Ufaransa mwaka 1787, waliiita oksijeni kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mzaa asidi", wakidhani hakuna asidi isiyokuwa nayo. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba klorini ni elementi, kwa hivyo asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki vivyo hivyo. Mwanafunzi akisimuliwa haya hutambua kuwa sayansi ni mabishano ya wanadamu, wala si amri iliyoshuka.

Watakuwapo watakaosema kwamba mhadhiri wa kemia hana wakati wa kufundisha lugha. Silabasi ni ndefu, nazo maabara hazitoshi. Nakubali. Hata hivyo, TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990. Ni walimu wangapi wa kemia humu nchini waliopata kuifungua?

Mama zetu hutia magadi katika maharagwe yaive upesi. Magadi hayo hayo ukiyamwagia siki hufoka povu, nalo ni gesi ya kaboni dioksidi. Mtoto aliyekulia jikoni humo amekwisha kuanza somo la asidi na bezi, ila hakuna aliyemwarifu. Mwalimu hahitaji idhini ya wizara kumwarifu: atahitaji siki kidogo, kipande cha magadi, na swali kwa Kiswahili, "Povu hili limetoka wapi?"