Bamba la kitako: kitu kidogo kinachoshusha thamani ya bunduki kuukuu

WAKUSANYAJI wa bunduki kuukuu za marisau nchini Marekani na Uingereza wanaifahamu hasara hii. Mtutu ni mzima na mbao zinang'aa, lakini bamba jeusi linalofunika mwisho wa kitako limemeguka.

Bamba hilo ndilo linaloegemea bega la mlengaji, na ndilo linalogusa sakafu bunduki inaposimamishwa. Si ajabu kwamba ncha yake ya chini ndiyo humeguka kwanza.

Kampuni ya Parker Brothers ya Meriden, jimbo la Connecticut, ilizitia baadhi ya bunduki zake bamba lenye kichwa cha mbwa. Bamba la aina hiyo ni la mpira mgumu, yaani mpira uliopikwa kwa salfa nyingi, ambao Nelson Goodyear alipata hataza yake mnamo 1851. Mpira huo ni mgumu mithili ya pembe, ila huwa mwepesi kuvunjika unapozeeka, na mwanga wa jua huugeuza rangi ukawa wa kahawia. Ukiusugua kwa kidole hutoa harufu ya salfa, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuutambua.

Kabla ya lolote, sharti bunduki ihakikishwe kuwa haina risasi. Kisha skrubu mbili zifunguliwe kwa bisibisi inayoingia barabara katika mfuo wake, kwani mifuo ya zamani ni myembamba na bisibisi ya kubahatisha huiharibu. Fundi akilazimisha, bamba lote hupasuka.

Kipande kilichomeguka kikipatikana, kazi ni nyepesi: hubandikwa kwa gundi. Kikiwa kimepotea, pengo huzungushiwa ukuta wa udongo wa kufinyangia, kisha hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na masizi ili iwe nyeusi. Baada ya siku nzima hunyolewa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa wa maji.

Ugumu uko kwenye nakshi. Mistari iliyokingamana yaweza kuchongwa upya kwa tupa nyembamba, lakini kichwa cha mbwa hakichongeki hivi hivi. Hapo fundi hutafuta bamba jingine zima la aina hiyo, akalitolea kalibu ya silikoni.

Maji ya moto hayafai kabisa kuoshea bamba la mpira mgumu, maana hulipausha. Mashine ya kusaga nayo huzua joto la kulipinda.

Mabamba mapya ya kuigiza yanauzwa, na wapo wanaoona ni heri kununua kuliko kuhangaika. Hata hivyo, la zamani halipaswi kutupwa. Mnunuzi hodari hutazama jinsi bamba linavyokaa juu ya mbao ili ajue kama kitako kiliwahi kukatwa, na bamba geni humtia shaka hata pale ambapo kitako hakijaguswa.