Kipupwe Kinaaga, Demani Inaingia: Kwa Nini Baridi Haifanani Nchini, na kwa Nini Maua Si Tangazo la Mvua

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Agosti unapoelekea ukingoni, sura ya nchi huanza kubadilika. Miembe ya Tanga na Morogoro huwa imevaa maua, mikorosho ya Mtwara na Lindi imechanua, na katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi majani machanga yenye rangi ya shaba huchipua ilhali ardhi bado ni kavu. Hata hivyo, katika siku hizohizo mkazi wa Njombe au Makete bado huamka na kukuta nyasi zimelowa umande wa baridi, naye hatoki nje bila koti.

Mambo hayo mawili hayapingani. Ni sehemu za mabadiliko ya aina moja ya majira, isipokuwa hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja wala kwa namna moja. Kuyaelewa kuna manufaa makubwa, kwa kuwa maamuzi mengi ya kaya hufanywa katika kipindi hiki: lini kuandaa shamba, lini kununua mbegu, lini kupeleka chombo baharini, na namna ya kulinda afya ya watoto na wazee.

Majira yenye majina yake

Tanzania ipo kusini mwa Ikweta, takriban kati ya nyuzi 1 na nyuzi 12 za latitudo. Kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, ifikapo tarehe 21 Juni jua la utosi huwa limesogea mbali kaskazini, hadi Tropiki ya Kansa. Huo ndio wakati ambapo nchi yetu hupokea miale iliyolala zaidi, na ndio msingi wa msimu wa Kipupwe, unaohesabiwa kuanzia Juni hadi Agosti.

Wenyeji wa pwani waliyapa majira haya majina yao zamani kabla ya vipimo vya kisasa. Baada ya Masika huja Kipupwe; baada ya Kipupwe huja Demani, kipindi cha mwisho wa pepo za Kusi kabla ya Vuli. Kalenda ya Nairuzi, iliyotumiwa na wakulima na mabaharia wa Uswahilini, huhesabu siku kwa makumi yaitwayo miongo kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo wakazi wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Kwa maana hiyo, kile ambacho wakazi wa nchi za kaskazini hukiita majira ya kuchipua, kwetu kina jirani yake, nayo ni Demani.

Baridi moja, sura nyingi

Sababu ya kwanza ya kutofautiana kwa baridi nchini ni mwinuko. Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kwa hesabu hiyo pekee, hutarajiwa kuwa na baridi kuizidi Dar es Salaam kwa takriban nyuzi 12. Uwanda wa Kitulo, ulio katika mwinuko wa karibu mita 2,600, huzidi hapo. Ndiyo maana wakati wa Kipupwe kiwango cha chini cha joto katika Nyanda za Juu Kusini huweza kushuka chini ya nyuzi joto 10, na katika usiku usio na mawingu sakitu huweza kutanda juu ya mimea na kuunguza viazi na chai changa.

Pwani hali ni tofauti. Bahari ya Hindi huhifadhi joto na kulitoa taratibu, hivyo mkazi wa Dar es Salaam au Unguja huona mchana wa Julai wenye nyuzi joto zinazokaribia 28 au 29 na usiku wenye nyuzi 18 hadi 20 hivi. Tatizo la pwani katika kipindi hiki ni upepo zaidi kuliko baridi. Kusi huvuma kwa nguvu, na hapo ndipo taarifa za upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 hutolewa mara kwa mara. Si taarifa za kupuuzwa. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya Kipupwe, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Kisiwa cha Chumbe ikiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, katika hali ya upepo mkali na bahari iliyochafuka.

Sababu nyingine ni mawingu. Dodoma na Singida huwa na anga angavu: mchana jua huchoma, lakini usiku joto la ardhi hupotea angani kwa haraka, na alfajiri huwa ya baridi kali kuliko mgeni anavyotarajia. Arusha na Moshi huona kinyume chake. Pepo zinazotoka baharini hupanda miteremko ya milima na kutengeneza mawingu mazito, hivyo baridi ya huko huhisiwa hata mchana, jua likichelewa kuonekana. Kwa ufupi, watu wawili wanaosema "kuna baridi" siku moja, mmoja Dodoma na mwingine Moshi, hawazungumzii hali ileile.

Dalili za kuingia kwa Demani

Baada ya mwezi Juni jua la utosi huanza safari ya kurejea kusini. Huvuka Ikweta takriban tarehe 22 au 23 Septemba, hufika Mwanza mwishoni mwa mwezi huo, Dodoma na Dar es Salaam karibu tarehe 10 Oktoba, na Mtwara karibu tarehe 20 Oktoba. Joto hupanda kwa kufuata safari hiyo. Kusi hupungua nguvu, pepo za kutoka mashariki ambazo wavuvi huziita matlai huchukua nafasi, na bahari hutulia.

Mimea hujibu kila mmoja kwa njia yake. Mwembe huchochewa kutoa maua na usiku wa baridi na ukavu wa Kipupwe, kisha huivisha matunda kuelekea mwisho wa mwaka. Mkorosho nao huchanua katika kipindi cha kiangazi. Lakini asubuhi za ubaridi na unyevu hustawisha ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua, na ndiyo sababu wakulima wa Kusini hupuliza salfa katika miezi hiyo. Jijini Arusha, mijakaranda hupamba barabara kwa maua ya zambarau kuanzia Septemba na Oktoba. Kuanzia kipindi hicho pia mbayuwayu kutoka Ulaya huanza kuonekana, wakikimbia majira ya baridi ambayo huko ndiyo kwanza yanakaribia.

Maua si mvua

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Mkulima akiona miombo imechipua, ni rahisi kuamini kwamba mvua ipo njiani. Lakini miti hiyo ina mizizi mirefu, nayo hutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua kwa kutumia maji yaliyohifadhiwa ardhini na katika shina. Kuchipua kwake hueleza kuwa joto limepanda. Hakuelezi ni lini mvua itanyesha wala itanyesha kwa kiasi gani. Ndivyo ilivyo pia kwa maua ya mwembe, ambayo hueleza baridi iliyopita na si mvua ijayo.

Mvua huletwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Ukanda huo hupita kwanza kaskazini na kuleta Vuli ya Oktoba hadi Desemba katika Ukanda wa Ziwa Victoria, mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, pamoja na pwani ya kaskazini na visiwa vya Unguja na Pemba. Mikoa ya magharibi, kati, Nyanda za Juu Kusini na Kusini hupata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo dalili ileile ya Septemba, ikionekana Mwanza na Songea, haina maana ileile kwa mwenye jembe.

Aidha, wingi wa Vuli hutegemea sana hali ya joto la bahari, ikiwemo Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1997 na mwaka 2023, wakati wa El Niño, Vuli ilikuwa na mvua nyingi kupita kawaida. Miaka mingine imekuwa haba. Mwembe hauna habari ya joto la Pasifiki. Anayepanda kwa manyunyu ya kwanza, akifuatiwa na wiki tatu za jua, hupoteza mbegu, nguvu kazi na muda, na hulazimika kununua upya wakati bei imepanda.

Elimu ya asili ya wazee haipaswi kudharauliwa kwa sababu hiyo. Wazee waliosoma majira hawakutegemea dalili moja. Walitazama upepo, nyota, ndege na miti kwa pamoja. Mwelekeo wa mvua unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kila msimu, kwa kawaida Agosti kwa Vuli na Oktoba kwa mikoa ya msimu mmoja, ni shahidi mwingine wa kuongeza katika orodha hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Katika kipindi hiki cha mpito, wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

• Katika maeneo yenye baridi, jiko la mkaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

• Watoto wachanga na wazee wavishwe nguo za kutosha, na mwenye kikohozi kinachoambatana na kupumua kwa shida awahishwe kituo cha kutolea huduma za afya, kwani huenda ni nimonia.

• Wafugaji waendelee kuwapa vifaranga na ndama joto la usiku hata kama mchana umeanza kuwa wa jua.

• Wavuvi na wasafiri wa majini wafuatilie utabiri wa kila siku kabla ya kuondoka, hata katika siku ambazo bahari imeanza kutulia.

• Wakulima watumie muda huu kuandaa mashamba na kutafuta mbegu, lakini wapande kwa kuzingatia mwelekeo wa mvua wa eneo lao na ushauri wa afisa ugani wa kata.