Vijana na Pikipiki: Je, Sheria Yatosha?

Jioni moja ya masika tuliteremka katika basi litokalo Makambako, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, tukatafuta pikipiki ya kutufikisha Ilembula kabla ya Magharibi. Aliyetujia alikuwa mwanafunzi wetu wa chuoni, kijana wa miaka 15. Tulimwuliza, "Chombo hiki ni cha nani?" Akajibu, "Cha mjomba, Maalim. Mimi humpelekea hesabu kila jioni." Tulijua ya kuwa ni kosa, lakini kwa haraka yetu tukapanda. Penye tope pikipiki ikateleza, ikatutupa kando ya shamba la mahindi. Sisi tulisalimika, yeye alivunjika mkono. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: kosa lilikuwa la nani?

Baadhi ya wazee husema kwamba sheria za umri ni usumbufu mtupu, kwani kijana aliyebaleghe ni mtu mzima. Hoja hii yafaa kupimwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi leseni ya gari asiyefika miaka 18, na mwenye miaka 15 hapati leseni ya gari wala ya pikipiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza kumpa kazi ya hatari aliye chini ya miaka 18.

Wala mpaka wa umri si jambo geni katika dini yetu. Abdullah bin Umar alipotaka kutoka vitani siku ya Uhud, naye ana miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu, siku ya Khandaq, alipotimiza 15, alimruhusu. Hakukosa ushujaa, bali wakati wake ulikuwa haujafika. Na mali ya yatima, Suratun-Nisaa yaagiza asikabidhiwe kwa kubaleghe tu, mpaka uonekane na upevu wa akili, yaani rushdi. Basi ikiwa fedha haikabidhiwi pasipo rushdi, itakuwaje roho ya abiria?

Mataifa mengine yamejionea faida ya jambo hili. New Zealand, tangu mwaka 1987, humpa kijana ruhusa kwa daraja: kwanza huendesha akiwa na mtu mzima kando yake, kisha peke yake lakini si usiku wa manane, na mwishowe hupata leseni kamili. Ajali za vijana zilipungua, na majimbo mengi ya Marekani yakafuata mtindo huo. Shirika la Afya Duniani nalo lasema ya kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yo yote.

Ama kuisimamia sheria, hapo pana ugumu. Askari husimama barabara kuu. Kijana hupita vichochoro vya mashambani. Askari mmoja hawezi kulinda kila njia. Lakini kila pikipiki ina mwenyewe, na kila ufunguo hutoka mkononi mwa mtu mzima. Sheria humshika pia mwenye chombo anayemruhusu asiye na leseni. Basi askari wa kwanza ni mjomba, wa pili ni baba, na wa tatu ni abiria anayekataa kupanda. Sisi tulikuwa wa tatu, tukalala kazini.

Tulimwendea yule mjomba, tukakiri kosa letu kwanza. Naye alitueleza ya kwamba hesabu ile ndiyo iliyonunua unga wa nyumba mbili. Hatukuweza kumdharau. Tulikubaliana atafutwe dereva mzima mwenye leseni, hata hesabu ikipungua, na waumini wa msikiti wakasaidia unga mpaka mkono ulipopona.

Enyi wazazi, msingoje askari. Nanyi vijana, kungoja miaka mitatu si unyonge. Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atusamehe sisi tuliopanda.