Hata Genge Linafungwa

Leo siongelei mtaji wala kupiga picha za bidhaa. Leo naongelea moyo. Maana kuna mtu anauza vizuri, oda zinaingia, lakini usiku halali, akiongeleshwa hasikii, na simu ikilia tu tumbo linamkata. Mimi nilikuwa huyo mtu.

Nauza viatu vya watoto mtandaoni, mzigo natoa Kariakoo. Mwaka jana Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, nilikuwa najibu meseji mpaka saa 7 usiku. Jumapili moja saa 5:40 usiku dada mmoja akaniandikia neno moja: "Bado?" Siku nzima nilikuwa nimeulizwa "bei ya mwisho?" na watu wasionunua. Nikawaka. Nikamjibu, "Dada, kama huna hela usinisumbue, watu tunalala."

Asubuhi napitia miamala, naona jina lake. Alilipa tangu Jumamosi, 28,000, viatu vyeusi vya mwanae anayeanza darasa la kwanza. Yaani hela yake ninayo mimi, na kumtukana nimemtukana mimi. Nilipiga simu nikaomba radhi, nikavipeleka mwenyewe kwa boda, nauli juu yangu. Alipokea, akasema "asante kaka." Mtoto alikuwa ameshaenda shule na ndala. Yule dada hajanunua kwangu tena, na simlaumu.

Jioni nikamsimulia mama. Mama anauza genge miaka mingi. Akaniuliza, "Genge langu nafunga saa ngapi?" Nikasema saa mbili. "Nikishafunika na turubai, nyanya zinaniita?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Hata genge linafungwa, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Duka la kwenye simu halina mlango wala turubai. Usipoufunga wewe, hakuna atakayekufungia. Na kilichokuwa kinaninyima usingizi siyo wingi wa kazi. Ni kutojua nimeshika nini cha nani. Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Weka saa ya kufunga. Mimi ni saa 3 usiku. WhatsApp Business ni ya bure, na ina sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umefunga. Wangu unasema: "Asante kwa kuniandikia. Tumefunga, tunafungua saa 2 asubuhi. Kama umeshalipa, andika NIMELIPA na jina lako, nitaanza na wewe." Halafu simu naiweka kwenye Usinisumbue, naruhusu namba za nyumbani tu.

2. Andika daftari kabla ya kufunga. Mistari mitatu: waliolipa sijawatumia, niliowatumia hawajapokea, niliowaahidi kitu. Dakika kumi zinatosha. Waliolipa nawatafuta kwenye miamala yangu mwenyewe, siyo kwenye picha aliyotuma mteja, maana picha inaweza kutengenezwa. Kichwa kinakesha kikiogopa kusahau. Ukishaandika, daftari ndilo linakumbuka, wewe unalala.

3. "Bei?" siyo tusi. Wiki moja nilihesabu: walioniuliza bei 31, walionunua 6. Zamani wale 25 ningewabeba moyoni kama watu walionidharau. Siku hizi najua ni kama wapita njia wanaoshika nyanya kwenye genge na kuendelea na safari. Andika bei kwenye picha, na majibu ya kila siku yahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, usichoke kuandika kitu kilekile.

4. Ukiwaka, usijibu. Weka simu chini, kanywe maji, zunguka nyumba, sali kama ni mtu wa kusali. Rudi baada ya dakika kumi. Kabla hujaandika chochote, angalia kwanza kama huyo mtu ameshalipa. Hiyo moja tu ingeniokoa mimi.

Sasa nisikudanganye. Kuna oda nazikosa usiku. Kuna mtu huandika saa 4, asubuhi namjibu ananiambia ameshapata kwingine. Inauma kidogo. Lakini wanaonirudia wameongezeka, maana wakinipata mchana wananipata mzima, nawajibu kama mtu. Wiki ya kufungua shule nasogeza kufunga mpaka saa 4, ila daftari siliruki.

Na kama umefunga simu, umeandika kila kitu, bado wiki kwa wiki hulali, huli, kila kitu kizito, usijilaumu kwamba hujui biashara. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitali. Hilo halimalizwi na daftari.

Siku hizi mama akifunga genge saa mbili, namsaidia kubeba ndoo. Tunakula, saa tatu simu inapanda juu ya kabati. Kuna siku inawaka mwanga huko juu, mkono unataka kwenda. Mama ananiangalia tu.

Leo usiku anza na daftari, mistari ile mitatu. Huenda kuna mtu ameshakulipa na anasubiri.