Harara ya Mashine na Mipaka Yake

Mtu aingiapo katika kinu cha kusagia nafaka, akayasikia magurudumu yakivuma na kuiona mikanda ikizunguka, aghalabu hudhani kwamba kitakachoihiliki mashine ile ni uzee au uzito wa kazi; ilhali fundi aliyekaa nayo miaka mingi huichunguza kwanza harara, tena hajishughulishi sana na chuma. Chuma cha beringi za kawaida hustahimili hata digrii 120 za Selsiasi kabla ya umbo lake kuanza kubadilika. Lakini sili za mpira ziizuiazo grisi isivuje hukakamaa na kupasuka zikidumu juu ya digrii 100, na grisi yenyewe huanza kuchakaa mapema zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto la beringi likipita digrii 70, kila nyongeza ya digrii 15 huupunguza umri wa grisi kwa nusu, hata ikifika digrii 100 husalia robo tu.

Hapa ndipo watu wema hufanya taksiri. Mfanyakazi akiiona beringi imepata moto huchukua pampu ya grisi, akaishindilia mpaka ikajaa pomoni, naye kwa hisani hiyo akaizidishia harara, kwa sababu gololi hulazimika kuikoroga grisi isiyo na pa kwenda. Katika kazi ya kawaida, nafasi iliyomo ndani ya beringi yatosha kujazwa theluthi, au nusu ikizidi sana.

Mota ya umeme nayo ina udhaifu wake, nao ni vanishi iliyopakwa juu ya nyaya za shaba ili umeme usiruke kutoka uzi hadi uzi. Herufi iliyopigwa katika kibati cha mota huonyesha daraja lake: B ni digrii 130, F ni 155, H ni 180. Ukiupita mpaka huo mota haifi papo hapo. Ila kila digrii 10 za ziada huukata umri wa vanishi kwa nusu, kwa kadiri ya hesabu ambayo mhandisi Montsinger wa Marekani aliieleza kwa transfoma mwaka 1930. Zaidi ya hayo, kibati huchukulia kwamba hewa ya mahali haizidi digrii 40, na kwamba mahali penyewe hapazidi mita 1,000 juu ya bahari. Nairobi ipo juu ya mita 1,600, na hewa yake nyepesi huondoa joto kidogo, basi mota ya huko hapana budi ipunguziwe mzigo au ichaguliwe kubwa zaidi. Mombasa hewa ni nzito, lakini chumba kilichofungwa chini ya mabati adhuhuri chaweza kuzipita digrii 40 bila ya mtu kutanabahi.

Wengi hupima kwa kiganja, na kiganja ni shahidi dhaifu: chuma cha digrii 60 hakishikiki ila kwa nukta chache, hali beringi ya joto hilo ni salama kabisa, na juu ya hapo mkono hautambui tofauti ya 80 na 110. Afadhali themomita, isomwe kila siku mahali pale pale na mzigo ukiwa ule ule, maana kupanda kwa ghafula huarifu mengi kuliko digrii yenyewe. Nawe mwenye kinu, kabla ya kununua grisi nyingine, futa kwanza unga ulioganda katika mapezi ya mota.