Upasuaji wa Unene: Kutoka Chumba cha Daktari hadi Vilima vya Rungwe

Barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela hupanda na kushuka katika vilima vya Rungwe, ikipita kati ya migomba na mashamba ya chai, hadi mji wa Tukuyu. Katika nchi hii ya mvua nyingi, ndizi, maharage na maziwa vilimpa mkulima nguvu, na jembe na mwendo wa miguu vikazitumia. Siku hizi pikipiki hupanda vilima badala ya miguu, na soda na chipsi hupatikana kwa urahisi. Nguvu zisizotumika hugeuzwa kuwa mafuta na kuwekwa akiba mwilini.

Zamani unene ulihesabiwa kuwa dalili ya neema. Sayansi yaonyesha kwamba ukizidi mno huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene.

Kipimo cha unene

Uzito kwa kilogramu hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mathalani, mtu mzima mwenye kilogramu 110 na urefu wa mita 1.60 hupata 110 ÷ 2.56, yaani 43. Kipimo cha kawaida ni kati ya 18.5 na 25. Kuanzia 30 ni unene. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya mabingwa vilipendekeza 35 hata pasipo maradhi.

Kwa nini kujinyima hakutoshi

Wengi hujinyima chakula, wakapungua, kisha wakanenepa tena. Watu huwacheka wakidhani ni walafi. Lakini mwaka 1999 wataalamu wa Japani, Kojima na Kangawa, waligundua homoni iitwayo grelini, itokayo hasa tumboni, ambayo huuambia ubongo kuwa mwili una njaa. Mtu apunguapo kwa kujinyima, grelini huongezeka. Mwili hupigania akiba yake kana kwamba njaa kuu imeingia nchini.

Kisu cha daktari

Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kutibu unene kwa upasuaji. Ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hawakunenepa kwa urahisi. Leo njia kuu ni mbili. Katika ya kwanza, kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi huondolewa, likabaki umbo la mrija. Sehemu itoayo grelini nyingi huondoka nayo. Katika ya pili, hutengwa kifuko cha mililita 30 hivi, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, nacho huunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi.

Ajabu ni kwamba kwa wagonjwa wengi sukari ya damu hushuka katika siku chache, kabla uzito haujapungua sana, kwa kuwa homoni za utumbo zinazosaidia insulini huongezeka. Uchunguzi wa miaka mingi ulioanza Sweden mwaka 1987 ulionyesha, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2007, kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa.

Kurudi nyumbani

Hospitali ya Taifa Muhimbili–Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma hizi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020. Toka Tukuyu ni safari ya takriban kilometa 900. Lakini safari iliyo ndefu zaidi huanza mgonjwa arudipo kwake.

Tumbo lililopunguzwa halitoi vya kutosha vile vitu vinavyosaidia mwili kufyonza vitamini B12 na chuma. Pasipo vidonge au sindano, na kupimwa damu kila mwaka maisha yote, upungufu wa damu na ganzi ya miguu hufuata. Sahani ya ndizi iliyojaa haina nafasi tena: maharage, mayai, samaki na maziwa hutangulia, kidogo kidogo. Soda na chai yenye sukari nyingi zaweza kuleta kizunguzungu na kuhara. Pombe hulevya upesi. Mwanamke hushauriwa kungoja mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Asiyeyashika hayo huweza kunenepa tena, au kudhoofika.

Basi mafanikio ya upasuaji hayaamuliwi Dar es Salaam peke yake. Huamuliwa pia na mganga wa Tukuyu apimaye damu, na jamaa wapikao chakula nyumbani.

Zoezi: wanafunzi wapime urefu na uzito wa watu wazima wanaokubali, wakokotoe kipimo, na kuyatunza matokeo kwa siri. Vijana wasitumie mipaka hiyo, kwani wao hupimwa kwa majedwali ya umri wao. Wala asichekwe mtu: unene uliopita kiasi ni maradhi, na mgonjwa hutibiwa.