Mkate wa Jibini wa Kukaanga: Kitafunio Kinachomtaka Mama Asimame Jikoni

Kila msomaji wa Biblia anamjua Daudi aliyemwangusha Goliathi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba asubuhi ile Daudi hakwenda kupigana. Alitumwa na baba yake, mzee Yese, apeleke chakula kambini: bisi na mikate kumi kwa kaka zake, na jibini kumi kwa mkuu wa kikosi chao. Habari hiyo imo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 17. Kumbe mkate na jibini ni chakula cha siku nyingi cha mzazi anayewawazia watoto walio mbali na nyumbani.

Nasi akina mama tunayajua mawazo hayo. Shule zikifungwa, watoto wanarudi kutoka bwenini wakiwa wamechoka na ugali na maharage. Maandazi wameyazoea, chapati wamezizoea. "Mama, leo tutengenezee kitu kingine!" Mwezi huu tunawaletea kitu hicho kingine: slesi mbili za mkate zilizofungiwa jibini katikati, zikachovywa kwenye yai na kukaangwa katika mafuta mengi. Nje hukauka na kuwa rangi ya dhahabu. Ndani jibini huyeyuka na kuvutika kama uzi.

Kimetoka wapi?

Sisi tulifundishwa kitafunio hiki na sista mmoja Mwitalia katika hospitali ya misheni tulikosomea uuguzi. Kwao huitwa mozzarella in carrozza, yaani mozzarella ndani ya gari la farasi: mkate ndio gari, na jibini ndiye abiria. Asili yake ni jimbo la Campania, kusini mwa Italia, ambako mji mkubwa ni Napoli. Huko mama hakubali mkate wa jana utupwe. Mkate uliokauka na kipande cha jibini kilichobaki hugeuka kuwa chakula cha kumkaribishia mgeni.

Chakula hiki kimo pia katika filamu mashuhuri ya Kiitalia ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Baba mmoja maskini wa Roma ameibiwa baiskeli anayoitegemea kwa kazi. Anazunguka mji mzima kuitafuta akiwa na mwanawe mdogo, na kwa uchungu anampiga mtoto kofi. Baadaye moyo unamsuta. Ingawa mfukoni hana kitu cha maana, anampeleka mtoto hotelini, na wanakula mkate huu wa jibini pamoja. Ni mzazi gani hajawahi kuomba radhi kwa sahani ya chakula badala ya maneno?

Mahitaji (watu 4)

Slesi 8 za mkate mweupe wa jana
Jibini gramu 200
Mayai 3
Maziwa vijiko vikubwa 3
Unga wa ngano nusu kikombe
Pilipili manga kidogo, na chumvi kidogo sana
Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, yasiyozidi nusu ya kina cha karai

Jibini tunajua si rahisi kwa bei, lakini gramu 200 zinatosha watu wanne, na hiki si chakula cha kila siku. Ukipata mozzarella, vema. Usipoipata, tumia Cheddar au Gouda, kwani nazo huyeyuka vizuri. Usinunue halloumi kwa kazi hii. Hiyo hata ikipata moto hubaki ngumu. Wenzetu wanaoishi karibu na Njombe au Limuru wana bahati, maana huko jibini hutengenezwa hapo hapo.

Namna ya kutayarisha

1. Kata jibini vipande vyembamba. Kama ni mozzarella yenye maji, iweke kwenye chujio, kisha ikaushe kwa kitambaa safi. Usiharakishe hatua hii. Maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta juu.

2. Ondoa kingo ngumu za mkate. Panga jibini juu ya slesi nne, ukiacha nafasi ya upana wa kidole pembeni. Funika kwa slesi nyingine na ubonyeze kingo kwa vidole mpaka zishikane.

3. Piga mayai pamoja na maziwa, pilipili manga na chumvi. Weka unga kwenye sahani nyingine.

4. Pitisha kila mkate kwenye unga, hasa kingo, halafu uchovye kwenye yai pande zote. Kingo zichovye mara mbili, kwa sababu jibini hutorokea hapo. Kama una friji, iweke mikate humo kwa nusu saa ili yai lishike.

5. Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Tupia kipande kidogo cha mkate: kikipanda juu na kuwa rangi ya dhahabu kwa muda wa kama nusu dakika hadi dakika moja, mafuta ni tayari. Yakitoa moshi, yamezidi. Punguza moto na usubiri.

6. Teremsha mkate taratibu kwa kijiko cha matundu, ukianza na upande ulio karibu nawe ili mafuta yasikurukie. Kaanga mmoja mmoja au miwili miwili, kama dakika mbili kila upande. Ukijaza karai, mafuta yatapoa na mkate utayanywa.

7. Opoa, acha mafuta yachuruzike, na subiri dakika chache kabla ya kuwapa watoto. Nje mkate unaweza kuonekana umepoa, kumbe jibini la ndani bado linaunguza ulimi.

Andaa na kachumbari ya nyanya au kabichi mbichi, na chai.

Jambo lililotupata

Hapa tunaomba kusimulia habari isiyopendeza, maana bila hiyo mapishi haya hayajakamilika. Miaka kadhaa iliyopita tulitoka zamu ya usiku, na jioni yake tukataka kuwafurahisha watoto kwa mkate huu. Mafuta yalikuwa motoni. Tukasikia hodi mlangoni. Alikuwa mama mwenzetu wa kanisani. Tukasema, ni dakika moja tu, tumkaribishe mgeni. Mpini wa kikaango tuliuacha umetokeza nje ya jiko. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, akanusa harufu nzuri, akaunyoosha mkono.

Kilio kile hatukisahau. Mafuta yalimmwagikia mkononi. Bibi yake akaja mbio na dawa ya meno, kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Nasi, tunaowafundisha wengine kliniki, tulisimama na mtoto mikononi tukilia naye. Aliyetuokoa ni binti yetu mkubwa, wakati huo darasa la sita. Alisema kwa heshima, "Bibi, ngoja kwanza," akatuvuta mpaka bombani na kuufungulia mkono maji. Masomo tuliyokuwa tukiyatoa kwa akina mama wengine, yeye alikuwa akiyasikia akiwa amekaa nyuma kwenye benchi.

Mtoto alipona. Kovu limebaki mkononi, na katika mioyo yetu limebaki somo: mafuta ya moto hayana "dakika moja tu". Mgeni anaweza kungoja. Mgeni mwema atafurahi kuitwa jikoni.

Kanuni za karai la mafuta

Mpini wa kikaango uelekezwe ndani, kamwe usitokeze mahali mtoto anapofika. Jiko la mkaa la chini ni hatari zaidi. Liweke kwenye kona isiyopitwa na watu, na watoto wadogo wakae nje ya jiko mpaka mafuta yapoe. Usibebe mafuta yakiwa ya moto. Kanga au kitenge kinachoning'inia kifunge vizuri.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji! Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke na kuurusha moto mpaka darini. Zima jiko kama unaweza kulifikia salama, funika karai kwa mfuniko, na uliache hapo hapo mpaka lipoe kabisa. Moto ukikushinda, toa watu nje na uite msaada.

Mtoto akiungua

Mtoe kwenye moto. Mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika 20. Pasipo bomba, mimina kwa kopo polepole. Hata kama zimepita saa chache, maji hayo bado yana faida, ilimradi zisizidi tatu. Wakati huo huo vua bangili na nguo zilizo karibu na jeraha, lakini iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Sehemu nyingine za mwili zifunike mtoto asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na manyoya.

Usipake dawa ya meno, siagi, ute wa yai, asali wala majivu. Usipasue malengelenge. Mpeleke hospitali upesi ikiwa jeraha linazidi ukubwa wa kiganja chake, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi. Mtoto mchanga apelekwe hata kama jeraha ni dogo.

Neno kuhusu afya

Jibini lina protini na madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Lakini lina chumvi na mafuta, na kukaanga kunaongeza mafuta mengine. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi inatosha, na mwenye shinikizo la damu ale kidogo. Mama mjamzito achague jibini la maziwa yaliyopashwa moto kiwandani kuua vijidudu, kwa maana la maziwa mabichi laweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, yenye povu au harufu kali, usiyarudie. Yaache yapoe, yatie kwenye chombo chenye mfuniko na uyatupe. Usiyamwage kwenye sinki.

Akina mama wenzetu, mara nyingi tunadhani upendo ni kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja: jiko, mgeni, simu, mtoto. Karai la mafuta limetufundisha vingine. Kuna saa ambayo upendo ni kusimama mahali pamoja na kuangalia kitu kimoja mpaka kiishe.

Kijana wetu sasa yuko sekondari. Akirudi likizo huomba mkate wa jibini, na kabla hatujawasha jiko huingia jikoni na kuuliza kwa utani, "Mama, mpini umegeuzwa?" Tunamjibu, "Umegeuzwa, mwanangu." Ndipo tunaanza.

Bwana abariki majiko yenu na mikono yote inayoandaa chakula humo.